Namna ya Kuandika Wasifu wa Babu Aliyepigana Vita

Wasifu wa kusomwa kwenye hitima ya babu aliyekuwa askari wa keya (KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) uanze kuandaliwa mapema, wazee wa rika lake wakiwa bado wamekusanyika. Tafuta kwanza cheti chake cha kuachishwa jeshi, kisha geuza kila picha usome penseli iliyofifia nyuma yake.

Masimulizi ya familia yalinganishwe na tarehe zinazojulikana. Ikisemwa kwamba wenzake walizama baharini wakielekea Bama (Burma, Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia, huenda inakusudiwa meli ya Khedive Ismail, iliyoondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, Februari 1944 na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12, ambapo walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Sanamu ya Askari iliyoko Barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, ingawa wengi huihusisha na vita hivyo, ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Vita, hata hivyo, visipewe zaidi ya robo ya wasifu, kwa kuwa kazi ya bandarini, ndoa, jirani aliowasuluhisha na wajukuu aliowasomesha vilichukua miaka mingi zaidi. Rasimu aisome bibi kwanza, naye afute atakacho.