Kubebesha avokado ya Hass juu ya mche wa kienyeji

Kitalu changu kiko Kangemi, Nairobi, kwenye mteremko unaoshukia mtoni, na haipiti wiki bila mtu kuniletea mbegu mfukoni. "Mama Miche, nimekula avokado tamu ajabu, niotesheee hii." Mbegu nitaiotesha, lakini utamu ule siuahidi. Ua la avokado huweza kupokea chavua ya mti mwingine, kwa hiyo mbegu ni mtoto wa wazazi wawili na hujui atamfuata nani. Ukitaka Hass, sharti ubebeshe kikonyo cha Hass, yaani uunge kipande cha tawi lake juu ya mche mwingine.

Hass zote duniani zilianza na mti mmoja, ulioota kutokana na mbegu katika shamba la Rudolph Hass, mpeleka barua wa La Habra Heights, California. Aliupatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi, mwaka 1935. Lakini watu walinunua mti mmoja, wakakata vikonyo, wakabebesha shamba zima. Mti mama ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi, ugonjwa wa kimelea kiitwacho Phytophthora, nao ndio unaonifanya niwe mkali kuhusu mbegu.

Usiokote mbegu chini ya mti, wala zile zilizotupwa sokoni. Kimelea hukaa udongoni. Chuma tunda mtini, kwenye mti wa kienyeji wenye afya, toa mbegu, ioshe, kisha iloweke kwa nusu saa katika maji ya nyuzi 49 hadi 50. Nunua kipimajoto, mkono haupimi nyuzi 50, na maji yakizidi hapo unaipika mbegu. Ipoze, iache ikauke maji kivulini tu. Ukiianika juani inakufa. Panda upande mpana chini, ncha juu, kwenye udongo mpya usiotuamisha maji. Chuo Kikuu cha California, Riverside, mtafiti George Zentmyer alitumia miaka mingi kutafuta mashina ya chini, yale yanayobebeshewa kikonyo, yanayovumilia ugonjwa huu, na shina liitwalo Duke 7 ni moja ya matokeo ya kazi hiyo. Sisi wa vitalu vidogo kinga yetu ni usafi.

Mimi hupanda mbegu Februari ili mche ufike unene wa penseli Septemba au Oktoba, baridi ya Julai ikiwa imeondoka. Kwenye baridi hiyo kidonda hukaa bila kuunga.

Kikonyo ndicho chenye kazi. Nenda ukauone mti mama ukiwa na matunda, usiambiwe tu. Chagua ncha ya tawi iliyokomaa, macho yake ya kuchipua yamevimba lakini hayajafunguka. Siku kumi kabla ya kukata, ondoa majani uache vijiti vifupi vilivyoyashikilia. Vikidondoka vyenyewe ukivigusa, tawi liko tayari. Kata asubuhi, funga kwa gazeti bichi, ubebeshe siku hiyo hiyo. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua vikonyo vilivyosafirishwa vikavu kwenye buti la gari. Nilibebesha miche 40, ikashika 6. Nililia.

Pangusa kisu kwa spiriti kabla ya kila mche. Kata mche kimo cha sentimita 20 hivi, ukibakiza majani machache chini, kisha upasue katikati kwenda chini sentimita 3. Chonga kikonyo pande mbili kama kabari ya urefu huo huo, kila upande kwa mkato mmoja. Ukirudia-rudia uso unakuwa na mawimbi na haugusani. Kikaze ndani ya ufa. Kinachoungana ni ile ngozi nyembamba ya kijani iliyo chini tu ya gome, kambiamu, basi kikonyo kikiwa chembamba kuliko mche usikiweke katikati: kisukume upande mmoja, kijani kikutane na kijani. Funga kwa utepe wa kubebeshea kutoka agroveti, kuanzia chini ya ufa, ukivuta kwa nguvu, halafu endelea tabaka moja jepesi hadi ncha ili kisikauke.

Weka kivulini. Mwagilia udongo, si kidonda. Wiki ya tatu au ya nne jicho litasukuma utepe. Lipasulie njia kwa wembe. Utepe wa kwenye kiungo uache hadi majani mapya yakomae, kisha ukate kabla haujaukaba mti.

Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'oe kila unapoyaona, hata baada ya kuhamishia shambani. Mzee mmoja wa Ruaka alinijia na hasira, mti wake wa Hass umezaa avokado kubwa za kijani. Tuliuangalia pamoja. Juu ya kovu la kiungo palikuwa na kijiti kikavu, ndicho kikonyo cha Hass kilichokufa, na mti wote ule mzuri ulikuwa umechipuka kutoka chini yake. Shina lilikuwa na nguvu, kwa hiyo tulilikata, nikambebeshea upya pale pale.