Kuiandaa bendi kwa shoo ya laivu: hatua kwa hatua, na ile ya monita kwa kirefu

Wiki iliyopita nilikaa na bendi ya vijana watano waliokuwa wakijiandaa kwa shoo yao ya kwanza. Wanapiga vizuri, na mazoezini nyimbo zao zilikuwa zimekaa sawa. Walipopanda jukwaani, kila mmoja akajikuta peke yake: mwimbaji hajisikii, mpiga besi anafuata mwangwi, mpiga ngoma anakimbiza mdundo. Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote anayekijua chombo chake lakini hajalijua jukwaa. Namna ya kuchagua nyimbo na kupanga sauti za waitikiaji siigusi, hayo mnayaweza.

Hatua ya 1: Fanyeni mazoezi ya shoo

Wiki mbili za mwisho acheni kusimamisha wimbo kila mtu anapokosea. Pigeni orodha nzima mwanzo hadi mwisho, mmesimama na kutazama upande mmoja, kama mtakavyokuwa siku yenyewe. Bendi nyingi hufanya mazoezi kwa duara, macho kwa macho. Jukwaani duara linavunjika na ishara za macho zinapotea nalo. Chagueni mtu mmoja wa kuonyesha kwa mkono au kwa shingo ya gitaa kwamba tunarudia kiitikio au tunamaliza. Awe mmoja tu, kwa sababu wakiwa wawili watatofautiana katikati ya wimbo.

Mkipewa dakika 45, andaeni muziki wa dakika 38. Zinazobaki zitaliwa na maneno, makofi na kutyuni.

Orodha ya nyimbo iandikwe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: jina la wimbo, ufunguo, kasi na nani anaanza. Simu siitaki. Inazima kioo, inaita, na mwanga wake unamfanya mtu ainame kama anasoma ujumbe. Kasi nayo msiiache kwenye kumbukumbu. Jukwaani moyo unakwenda mbio, na wimbo mliouzoea kwa mapigo 104 kwa dakika utaanza kwa 112 bila mtu kushtuka. Mpiga ngoma awe na metronomu ya taa, aitazame kabla ya kuhesabu.

Hatua ya 2: Begi na umeme

Waya wa akiba, betri za volti 9, nyuzi, utepe wa kitambaa (ule wa plastiki huacha gundi kwenye waya), tochi ndogo. Nyuzi mpya zifungwe siku moja au mbili kabla, maana zinaendelea kunyooka na kushuka. Kwa tyuna, nachagua ya pedali kuliko ile ya kubana kichwani mwa gitaa. Ukiikanyaga inakata sauti, hivyo hadhira haisikii unavyotafuta noti. Wote mtyuni kwa kipimo kimoja, noti ya A ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), na mhakikishe kinanda hakijahamishwa kidogo na mtu aliyekitumia kabla yenu.

Mkisikia mngurumo wa chini usiokoma, ni umeme, hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Mara nyingi vifaa viwili vimefika kwenye waya wa ardhi kwa njia mbili tofauti. Chomekeni vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja cha umeme, na pale besi au kinanda kinapoingia kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti), tumieni kisanduku cha DI, kile kinachounganisha chombo na mikisa, chenye swichi ya kuachanisha ardhi ya mawimbi ya sauti. Pini ya ardhi kwenye plagi msiikate wala kuiziba kamwe, hata kama mngurumo utakoma papo hapo. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, akiwa ameshika gitaa, alipogusa maikrofoni yenye hitilafu ya ardhi. Nyuzi mkononi na maikrofoni mdomoni ni njia kamili ya umeme kupita mwilini.

Hatua ya 3: Nani asimame wapi

Besi akae karibu na ngoma. Sauti husafiri mita moja kwa takriban milisekunde 3, kwa hiyo mkitengana mita 10 mnachelewana karibu milisekunde 30, na hapo mdundo unaanza kulegea hata kama wote ni hodari. Jukwaa likiwa kubwa, msilijaze. Sogeeni katikati.

Hatua ya 4: Monita na mluzi

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza mchana mzima, kwa hiyo nivumilieni.

Monita ni spika ya sakafuni inayomwelekea mwanamuziki ili ajisikie. Mluzi hutokea sauti inapotoka kwenye spika, ikaingia kwenye maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka tena kwenye spika ileile, mpaka inalia. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba chanzo chake mara nyingi hakiko kwenye mikisa, kiko kwenye amplifaya ya gitaa. Mpiga gitaa hajisikii, anaongeza. Mpiga ngoma hasikii besi, anapiga kwa nguvu zaidi. Besi naye anaongeza. Mwimbaji amezama, anaomba monita ipandishwe, na mluzi unaanza. Fundi mitambo akiishusha, mwimbaji anapaza sauti, na kufika wimbo wa nne koo limekwisha.

Kwa nini mpiga gitaa hakujisikia? Kwa sababu amplifaya yake iko chini, nyuma ya visigino. Trebo, yaani sauti za juu, husafiri kwa mstari kama mwanga wa tochi: inapita magotini pake na kwenda kuwaumiza waliokaa mbele. Iinueni juu ya kiti au kasha na kuilaza nyuma kidogo, ielekee kichwa chake. Nimeona wapiga gitaa wakijipunguza wenyewe bila kuombwa, mara tu walipojisikia vizuri kwa mara ya kwanza.

Kisha mwimbaji. Midomo isogee. Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti inayoingia kwenye maikrofoni huongezeka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na monita haijaguswa. Akiwa karibu hivyo besi ya sauti yake itavimba, basi fundi akate kilicho chini ya hezi 100 hivi. Na asikumbatie kichwa cha maikrofoni kwa kiganja. Yale matundu ya nyuma ya wavu ndiyo yanayoifanya isisikie vya nyuma yake. Ukiyaziba inasikia pande zote, pamoja na monita.

Sasa lile lililonigharimu. Mwimbaji wetu alikuja na maikrofoni mpya, nzuri kuliko ya zamani. Tukaweka monita palepale pa siku zote, mbele yake kabisa, mgongoni mwa maikrofoni. Ikalia. Nikabadili waya, nikabadili njia kwenye mikisa, nikabadili monita yenyewe, nikamlaumu mpiga kinanda bure. Saa tatu zikaenda hivyo. Mwisho nikatoa karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, nikaona mchoro wa usikivu wake. Maikrofoni ya zamani ilikuwa kadioidi: mahali isiposikia kabisa ni nyuma yake moja kwa moja, pembe ya nyuzi 180, kwa hiyo monita ikikaa pale iko salama. Mpya ilikuwa superkadioidi. Hiyo inabana zaidi ubavuni lakini imeacha dirisha dogo wazi mgongoni. Uziwi wake uko nyuma kwa pembeni, karibu nyuzi 125 kutoka mbele, kulia na kushoto. Tulikuwa tumeielekeza spika dirishani. Nikaisogeza monita upande, mluzi ukafa, na tukapata sauti kubwa kuliko tuliyokuwa nayo kabla.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote, jueni aina ya maikrofoni yenu. Kadioidi: monita moja, mbele ya mwimbaji. Superkadioidi: monita kwa pembeni, au mbili zenye nafasi katikati. Pembe hizo zinahesabiwa kutoka kwenye maikrofoni yenyewe. Mkiinamisha stendi, eneo la uziwi linahama nayo, na mwimbaji anayetembea na maikrofoni akaishusha kiunoni wimbo ukiisha anaielekeza kwenye spika moja kwa moja. Mfundisheni aiweke kifuani, ikitazama juu.

Baada ya hapo ndipo mikisa. Pandisheni monita polepole bila mtu kuimba, mpaka ianze kuvuma. Tafuteni masafa yanayovuma kwenye ikwalaiza (vitufe vya kupandisha au kukata masafa moja moja ya sauti): yakiwa kama mtu anayeguna yako hezi 250 hadi 500, yakiwa kama mluzi wa mdomo yamepita 2,000. Kateni desibeli 3, pandisheni tena, kateni yanayofuata. Baada ya masafa matatu au manne acheni. Nimewahi kuona ikwalaiza iliyokatwa kote, sauti ya mwimbaji ikabaki kama inatoka chini ya blanketi, naye akaomba iongezwe tena. Na maikrofoni zisizotumika zifungwe: kila idadi ya zilizo wazi inapoongezeka maradufu, mnapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi.

Jambo la mwisho kwenye monita ni namna ya kuomba. Usiseme nataka kila kitu. Omba sauti yako, chombo kimoja kinachokupa noti, na basi. Na kabla ya kuomba chako kipandishwe, uliza nini kinaweza kushushwa. Kuna watakaowaambia mnunue monita za masikioni mmalize matatizo yote. Ni nzuri, nazitumia, lakini bendi ambayo haijajifunza kupiga kwa sauti ndogo itabeba kelele zake hadi ndani ya masikio. Na mkizivaa, vaeni zote mbili. Ukitoa moja, utaipandisha iliyobaki mpaka ikuumize.

Hatua ya 5: Kujaribu sauti

Mafundi wengi huanza na ngoma. Mimi naomba tuanze na waimbaji, tupate sauti safi kwenye monita, halafu vyombo vingine viingie chini yao kimoja kimoja. Ukianza na ngoma, muda unaliwa na kiki na snea, na waimbaji wanapewa dakika mbili za mwisho. Mmoja anapojaribu, wengine wanyamaze kabisa, mpiga gitaa asichezee nyuzi. Kisha pigeni sehemu yenye kelele kuliko zote, halafu ile ya utulivu kuliko zote. Wimbo mzima hauhitajiki.

Hatua ya 6: Shoo

Ukikosea, endelea na usigeuke kumtazama mwenzako. Wimbo ukipotea, kila mtu aache isipokuwa besi na ngoma, muingie tena mwanzoni mwa kiitikio.

Vaeni vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Vya sponji hukata trebo zaidi na kumfanya mtu apige kwa nguvu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na muda huo unapungua kwa nusu kila sauti inapopanda desibeli 3. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15, na jukwaa lenye ngoma na magitaa linafika hapo kwa urahisi.

Hatua ya 7: Kufunga

Amplifaya za spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, la sivyo mshindo wa kuzima mikisa utapita kwenye spika. Kabla ya kuzima mikisa, piga picha ya vitufe vyote, na ya sakafu pia, monita zikiwa bado mahali pake.