Omba Kuona Msuka: Kununua Upanga wa Kijapani Mezani kwa Muuzaji

Shemeji yangu wa Muscat ni mtu wa majambia. Akikuonyesha jambia anaanza na mpini: pembe gani, fedha imefuliwa na fundi gani. Chuma chenyewe anakichomoa mwisho, kama mtu aliyekumbushwa. Aliponiomba nimtafutie upanga wa Kijapani huku Marekani, nilimwambia ayasahau yote anayoyajua. Kwa Wajapani mpini unavuliwa, ala inawekwa kando, na kinachouzwa ni chuma kitupu. Upanga wa dola 20,000 unaweza kulala mezani ndani ya ala ya mti mweupe usio na nakshi hata moja, na jirani yake wa dola 300 kapambwa kama bibi harusi.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa eksrei katika hospitali moja ya Illinois. Mchana kutwa natafuta nyufa kwenye mifupa ya watu. Nalisema hili mapema kwa sababu upanga wa kwanza nilioununua ulikuwa na ufa, na sikuuona. Nitafika huko.

Kama ndiyo unaanza, nenda kwenye maonyesho ya panga za Kijapani tu, kama yale ya Chicago au San Francisco; ukijaliwa kufika Tokyo, kuna Dai Token Ichi. Usianzie kwenye maonyesho ya bunduki ya mikoani, ambako upanga mmoja umelala kati ya kofia za vita na mwenye meza mwenyewe hajui alichonacho. Kwenye ukumbi wa panga peke yake, muuzaji kazungukwa na wenzake wanaojua. Akidanganya saa nne asubuhi, kufika saa sita habari imeshazunguka meza zote.

Mara ya kwanza usinunue kitu. Nenda ukashike tu. Beba futi ya kupimia, leso safi, na taa ndogo ya balbu moja, maana taa za dari za kumbi hizi hufanya kila chuma kionekane kizuri. Mimi huvua bangili na pete ndani ya gari, na ncha za mtandio nazifunga nyuma zisining'inie.

Ombi huja kabla ya mkono. Ukiruhusiwa, shika ala kwa mkono wa kushoto, makali yakitazama juu, uchomoe polepole upanga ukiteleza kwa mgongo wake. Chuma hakiguswi kwa kidole. Jasho linaacha kutu yenye alama za vidole vyako. Ule mtindo wetu wa kupima kisu kwa dole gumba uache nyumbani. Usiongee huku umeinamia upanga, mate yanaruka. Wala usiupunge hewani. Unapomrudishia mwenyewe, makali yaelekee kwako.

Sasa sema neno litakalomfanya muuzaji akutazame upya: omba kuona msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Unashikwa na kijiti cha mwanzi kinachoitwa mekugi. Mwache akitoe mwenyewe. Akikataa bila sababu ya maana, mshukuru, uende meza ya pili.

Hapo ndipo umri ulipo. Kutu ya msuka wa kale ni nyeusi ya kahawia, imetulia, laini kama kitako cha chungu kilichopikiwa miaka mingi. Kutu ya kutengenezwa ina rangi ya chungwa na inabaki kwenye leso. Kutu ya kale haisafishwi kamwe, na ukikuta msuka unang'aa ujue kuna mtu kaharibu mali, au mali ni ya juzi. Tazama mikwaruzo ya tupa: mhunzi wa kweli aliipanga kwa utaratibu, wengine mlalo, wengine mshazari. Matundu mawili au matatu ya mekugi yasikutishe. Panga ndefu za zamani zilikatwa upande wa msuka ili zifupike, na mpini mpya ulidai tundu jipya.

Jina lililochongwa msukani ndilo la mwisho kuliamini. Kotetsu, mhunzi wa Edo (Tokyo ya leo) wa karne ya 17, ni miongoni mwa walioigizwa kupita kiasi, na waigaji walianza zamani, kwa hiyo unaweza kukuta upanga wa kale kabisa wenye jina la uongo. Ndiyo maana watu hudai cheti cha NBTHK, chama cha Tokyo cha kuhifadhi panga kilichoundwa mwaka 1948. Ngazi utakazozisikia, kutoka chini kwenda juu, ni Hozon, Tokubetsu Hozon na Juyo. Mfumo huu wa Hozon ulianza mwaka 1982. Vyeti vilivyotangulia vichukue kwa tahadhari, baadhi yake vina sifa mbaya. Na usisome cheti tu. Kina picha ya msuka: iweke kando ya msuka wenyewe, ulinganishe matundu, mikwaruzo ya tupa, mahali jina lilipo. Cheti halali kinaweza kuwa kimeolewa na upanga mwingine.

Ukiona mhuri mdogo msukani, mara nyingi huo ni upanga wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wa chuma cha kiwandani uliozimwa kwenye mafuta badala ya maji. Wenye namba kwenye chuma na mpini wa madini uliopakwa rangi ufanane na uzi uliofumwa ni wa masajini, muundo wa 1935. Hivi ni vitu halali vya historia, ila usiuziwe kwa bei ya kazi ya mhunzi. Navyo pia vinaigizwa, sana.

Sasa tupande juu ya msuka, kwenye upanga wenyewe. Mhunzi hupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, anapasha moto kisha anachovya majini. Makali yanapoa haraka na kuwa magumu, mgongo unabaki mlaini. Mpaka kati ya hayo mawili ndio hamoni, ule mstari mweupe wenye mawimbi. Elekeza ncha kwenye balbu, utazame kandokando ya mwanga, si penyewe. Hamoni ya kweli iko ndani ya chuma; ukigeuza kidogo inawaka kama ukungu wa asubuhi na punje ndogondogo. Ile ya tindikali au ya brashi ya waya imekaa juu juu, na ukigeuza huku na huku ni ile ile. Ifuate mpaka kwenye ncha. Ikikatika kabla, ncha ilivunjika ikachongwa upya, na ule ugumu haurudi.

Sasa ufa wangu. Ulikuwa wakizashi, yaani upanga mfupi, wa sentimita 46, dola 1,150, meza ya pembeni chini ya taa za dari. Karibu na katikati niliona kama unywele. Muuzaji akasema ni mkwaruzo wa msasa wa zamani. Nilikuwa nimesahau taa yangu garini, na upanga nilikuwa nimeshaupenda. Nyumbani niliuweka chini ya taa ya mezani: mstari mweusi, umesimama wima kutoka kwenye makali, milimita tatu hivi. Mkwaruzo hurudisha mwanga, ufa huumeza. Jambo hilo ningeweza kumfundisha mwanafunzi wa eksrei nikiwa usingizini. Huo ufa wa kukata makali unaitwa hagire na hauna dawa, kwa kuwa upanga unaweza kuvunjikia hapo. Mipasuko inayolala kwa urefu, ya matabaka ya chuma yasiyoshikana vizuri, inaweza kuvumilika kama ni midogo na bei imeshuka. Nilipompigia, muuzaji alisema kikishauzwa hakirudi. Mume wangu akauliza kama hospitali ingeupiga picha kwa bima yangu.

Usidanganyike na upanga wenye kutu kwa kuwa ni rahisi. Mnoaji aliyefunzwa Kijapani hudai zaidi ya dola 100 kwa kila inchi, na foleni yake ni miezi, pengine mwaka na zaidi. Katana (upanga mrefu) ya inchi 27 itakula karibu dola 3,000 kabla hujajua kama kuna cha maana chini ya ile kutu. Ukijinolea kwa msasa umeiua.

Pima urefu, kwa mstari ulionyooka, kutoka ncha hadi mkato mdogo ulio mgongoni pale msuka unapoanzia. Zaidi ya sentimita 60.6 ni katana, kati ya hapo na 30.3 ni wakizashi, chini yake ni tanto. Watu wanakimbilia katana, kwa hiyo wakizashi wa ubora ule ule huwa na bei nafuu. Wa kwanza kwako uwe wakizashi wenye cheti na mnoo mzuri. Hilo nalisema bila kumung'unya.

Kwenye mpini usikawie. Ila zile punje nyeupe chini ya uzi ni ngozi ya taa, samaki, yule yule ambaye mkia wake ulitutia adabu chuoni. Punje za ngozi halisi hazilingani. Za plastiki zimefanana kama shanga.

Kisha kuna hadithi. Kila meza itakusimulia babu aliyekabidhiwa upanga na jenerali. Na ipo moja ya kweli inayowapa nguvu: Mmarekani Walter Compton alinunua upanga uliokuja kujulikana kuwa kazi ya mhunzi Kunimune, Hazina ya Taifa ya Japani iliyopotea baada ya vita, akaurudisha kwenye hekalu la Terukuni, Kagoshima, mwaka 1963. Sikiliza, tabasamu, kisha omba kuona msuka.

Bei inajadiliwa, ila hapa si soko la Mgandini kule Tanga. Ukianza na nusu unamtukana mtu. Uliza bei yake ya mwisho kwa pesa taslimu. Jumapili alasiri, wakati masanduku yanafungwa, ndimi hulegea, ingawa vizuri vingi vimeshaondoka Ijumaa, wauzaji wakiuziana wenyewe. Risiti iandikwe urefu, jina lililochongwa, namba ya cheti na siku za kurudisha. Ukinunua Japani, lazima kuwe na karatasi ya usajili, na upanga hautoki nchini bila kibali cha serikali. Mwachie muuzaji aishughulikie.

Shemeji nilimpatia wakizashi wa sentimita 52, Hozon, ndani ya mti mweupe. Kabla sijalipa nilimtumia picha niliyojivunia kuliko zote, ya msuka. Baada ya dakika kumi akajibu: "Shemeji, mbona umenitumia kipande cha chuma chenye kutu? Mpini uko wapi?"