Kabla ya kumwandikisha mtoto shule ya msingi ya serikali Dodoma: namna ya kuisoma rekodi yake

Mzazi aliyeko Leeds au Minneapolis anayetafuta shule Nkuhungu, Ipagala au Nzuguni huanza kwa kuuliza ipi inafaulisha. Matokeo yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Ila wastani wa shule hausemi mengi mpaka ujue ni watoto gani walioketi kwenye madawati yale, na wangapi waliishia njiani.

Fungua necta.go.tz, ingia kwenye matokeo ya darasa la saba, chagua mwaka, mkoa wa Dodoma, halmashauri, kisha shule. Hapo kwenye halmashauri wengi hupotea: Mtumba na Ihumwa ziko Jiji la Dodoma, Buigiri iko Chamwino. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja A ni 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180. Kufaulu ni A mpaka C, kwa hiyo mtoto wa alama 122 na wa 238 wote huhesabiwa wamefaulu. Shule ya ufaulu wa asilimia 90 inaweza kuwa imejaa C tupu. Hesabu A na B peke yake, halafu tazama Hisabati kivyake, maana hapo ndipo udhaifu wa ufundishaji huonekana mapema.

Chukua miaka mitatu, usitegemee mmoja. Katika shule ya watahiniwa 35, watoto watano wakianguka asilimia inashuka kwa 14. Na orodha za "shule bora" zinazozunguka WhatsApp si za NECTA. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule zilizoongoza.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Fungua matokeo ya upimaji wa darasa la nne ya shule hiyo hiyo, miaka mitatu nyuma. Walioketi darasa la nne 2021 ndio waliotakiwa kuketi la saba 2024. Tuseme walikuwa 160, na la saba wakafika 112. Watoto 48 wamekwenda wapi? Wengine wamehama, wengine wamekariri darasa, wengine ni watoro wa kudumu. Rudia hesabu kwa wavulana peke yao na wasichana peke yao. Wavulana wakipungua zaidi, uliza kuhusu kuchunga mifugo na vibarua. Wasichana wakipungua zaidi, uliza kuhusu kazi za ndani na ujauzito. Shule inayofaulisha wote baada ya kupoteza karibu theluthi ya darasa haijaishinda jirani yake yenye ufaulu mdogo iliyowafikisha wote kwenye mtihani.

Watoto wenyewe wanatofautiana sana hata ndani ya mkoa mmoja. Serikali ilianza kuhamia Dodoma 2016, na sensa ya 2022 ililikuta Jiji likiwa na watu 765,179. Darasa la mjini huchanganya mtoto wa mtumishi wa wizara, wa mama lishe na wa dereva bodaboda. Ukitoka nje, Hombolo au vijiji vya Bahi na Chamwino, wengi huingia awali wakiwa na Kigogo cha nyumbani. Kondoa ni Kirangi. Kwao Kiswahili cha vitabuni ni lugha ya kujifunza kwanza, na matokeo yao yapimwe kwa kuzingatia hilo. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kilimo na upungufu wa chakula huangukia muhula wa kwanza. Mwombe mwalimu mkuu akuambie mahudhurio ya Februari na ya Julai. Pengo likiwa kubwa, uliza kama kuna uji au chakula cha mchana, na wazazi wangapi wanachangia mahindi.

Kuna mambo ambayo tovuti haitakuonyesha. Mtume shangazi au binamu aliyeko Dodoma, siku ya kazi, saa mbili asubuhi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba, tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Asigawanye wanafunzi wa shule nzima kwa idadi ya walimu. Ahesabu waliomo kwenye mkondo mmoja, na walimu waliopo siku hiyo, kwani orodha huwa na majina ya walioko masomoni au likizo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, madarasa ya chini ndiyo yaliyofurika zaidi, kwa hiyo aanzie darasa la kwanza na la pili.

Kwa mtoto aliyezaliwa au kukulia nje, kikwazo kikubwa ni lugha ya masomo. Shule nyingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto hodari wa hesabu anaweza kukwama kwenye "sehemu guni" au "kigawe kidogo cha shirika" kwa sababu tu hayajui maneno hayo. Akija akiwa wa darasa la tano kwenda juu, aanze kuyazoea miezi sita kabla. Beba cheti cha kuzaliwa na ripoti za shule alikotoka, uanzie kwa Afisa Elimu Msingi wa halmashauri. Hakikisha shule inamsajili kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na unapewa namba yake, kwa sababu bila hiyo hasajiliwi mtihani, na usajili wa darasa la saba hufanyika miezi mingi kabla ya Septemba.

Angalia pia mwaka. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita, hivyo darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja 2027. Nafasi za kidato cha kwanza 2028 zitagombewa na makundi mawili kwa mpigo. Kama mtoto wako anaangukia mojawapo, uliza mapema shule za sekondari za kata hiyo zina vyumba vingapi.