Angalia unasaini kama nani

Ndugu zangu mnaochukua mali kwa mkopo Kikuubo, pale kwenye maduka ya jumla Kampala, cheti cha jina la biashara kutoka URSB, ofisi ya usajili wa biashara Uganda, hakikukingi na deni. Kisheria jina hilo ni wewe mwenyewe: duka likidaiwa, unadaiwa wewe, hadi kiwanja chako. Kampuni binafsi yenye dhima yenye ukomo (private limited company) ni mtu mwingine mbele ya sheria. Ikifilisika, mwenye hisa hudaiwa tu kiasi ambacho hajalipia hisa zake. Na kwa Sheria ya Makampuni ya 2012 mtu mmoja anaweza kuifungua, kwa hiyo huna haja ya kumwandika shemeji ili tu mtimie wawili.

Lakini kinga hiyo huvuja kwenye kalamu. Oda na hati ya deni ziandikwe jina kamili la kampuni, pamoja na lile neno Limited, na chini ya sahihi yako uandike "Mkurugenzi, kwa niaba ya" kampuni. Benki ikikupa karatasi za mkopo, itafute ile ya dhamana binafsi, yaani ahadi kwamba kampuni ikishindwa utalipa wewe, hata kama imo katikati ya rundo. Ukiisaini, nyumba yako imerudi hatarini, kampuni au si kampuni. Omba angalau dhamana hiyo iwekewe kiwango cha mwisho utakachodaiwa. Kuomba ni haki yako.

Pesa za mauzo nazo zisipitie laini yako ya simu. Kampuni ikihusika na udanganyifu au ukwepaji kodi, Mahakama Kuu inaweza kuondoa kinga hiyo.