Kubonyeza mara moja, kaunta inaruka sita
Kaunta ya mibonyezo kwenye bodi ya FPGA (chipu unayoipangia saketi zako mwenyewe) ikiruka kutoka 3 hadi 9 kwa kubonyeza mara moja, usianze kuvunja msimbo. Vyuma vya kitufe hudunda kwa milisekunde kadhaa, na saa ya bodi ya MHz 100, yaani mipigo milioni 100 kwa sekunde, huona kila mdundo. Pitisha ishara ya kitufe kwenye flipuflopu mbili zinazofuatana (kila moja hushika biti moja hadi mpigo ujao wa saa), kisha uikubali tu ikitulia hadi kaunta nyingine ya kupima muda, ya biti 20, ijae, yaani milisekunde 10.5 hivi; ishara ikibadilika kabla, kaunta hiyo ya muda irudi sifuri. Hesabu badiliko la 0 kwenda 1 pekee, la sivyo kidole kikikaa hesabu inakimbia. Kitufe cha bei rahisi cha Luthuli Avenue, Nairobi, kikizidi kudunda, ongeza biti moja kwenye kaunta ya muda. Kwenye simulesheni (kuijaribu saketi ndani ya kompyuta) tumia biti 4, ama chai itapoa ukingoja. Kwa ishara za kasi, njia hii haifai: itazimeza zote.