Shilingi ya simba: ipi ina fedha, ipi haina

Anza na mwaka, si uzito wala mng'ao. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina madini ya fedha asilimia 25. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu. Zote zina simba mbele ya milima, zote zina gramu 7.8 hivi, na sumaku haivuti hata moja. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa Kampala hulipa bei ya fedha kwa nikeli.

Mwaka ukiwa umefutika, geuza upande wa mfalme. Ukiona IND na IMP, sarafu ni ya enzi ambayo mfalme wa Uingereza alijiita pia mfalme mkuu wa India. India ilijitawala 1947, na kwenye shilingi za 1948 maneno hayo hayapo.

Kwa thumuni, yaani senti 50, mizani inasaidia sana. Tumia ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01. Thumuni ya zamani, iliyoandikwa EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES na kuanza kupigwa 1906, ilikuwa nusu ya rupia: gramu 5.83, fedha asilimia 80. Ya enzi ya shilingi ina maneno HALF SHILLING na gramu 3.89 tu, fedha asilimia 25, na hata hiyo fedha haimo tena kuanzia 1948. Iliyochakaa hupungua kidogo. Ikizidi uzito, kagua ukingo kwa lenzi: huenda iliwahi kuchomelewa kitanzi cha mkufu, na risasi ya kuchomelea ikabaki.

Florini ya 1920 usiipitishe haraka. Ina gramu 11.66, nusu yake fedha, sawa na fedha ya shilingi tatu, ingawa ilibadilishwa kwa shilingi mbili.

Kisha tafuta herufi ndogo za kiwanda kilichopiga sarafu, pande zote mbili, chini ya shingo na karibu na mwaka: H ni Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Shilingi ya 1942 ipo ya H na ya I. Ziweke mbali, ni aina mbili.

Tafadhali usisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Mikwaruzo haifutiki, na mkusanyaji huiona mara moja. Loweka kwenye maji yenye sabuni, suuza, kisha gandamiza kwa kitambaa cha pamba bila kupangusa.